Mheshimiwa Anasema Amepata Barua Tisa

Washington, Jumapili, 6 Oktoba

Mjomba Zenko,

Asifiwe Yesu Kristo, na mkono wako naubusu, hata kama mara ya mwisho ulinipa umejaa unga.

Najua nimechelewa wiki mbili. Ungekuwa mtu wa simu tungeongea kila siku, ila kwa sikio lako lile la kiwandani, simu na wewe ni kupiga kelele mpaka mwenye nyumba agonge ukuta.

Kazi sasa. Mimi ndiye wa kwanza kushika kila barua inayomfikia Mheshimiwa Strake. Sijisifu, ni kwamba hakuna mwingine anayeitaka hiyo kazi. Barua zikija Bungeni zinapelekwa kwanza kupigwa mionzi, tangu mwaka ule watu walipotumiwa sumu ya unga kwenye bahasha. Zinatufikia baada ya wiki tatu, nne, hata sita, zimekuwa rangi ya chai, ukizikunja zinavunjika kama biskuti. Kwa hiyo niandikie huku ninakolala, ofisini usithubutu. Nazifungua, nazisoma, naziweka mafungu mawili. A ni wanaomtetea Rais. B ni wanaompinga. Kila fungu lina jibu lake lililochapwa tayari, mashine inatia sahihi ya Mheshimiwa, basi. Ijumaa nahesabu, naandika ripoti.

Na wiki hizi simu hazipoi. Mzee mmoja ananiambia Rais kateuliwa na Mungu, namshukuru, naweka chini, mama mwingine ananiambia Rais ni mwizi na mimi mtoto wa mwizi. Namshukuru na yeye. Yote sababu ya kwetu, mjomba. Bunge limepitisha msaada wa silaha kwa Ukraine, vyama vyote viwili vimekubali, Rais kaukalia kiangazi kizima, na huku kwenye simu anamwomba rais wa kule amfanyie hisani, amchunguze mpinzani wake. Sasa Bunge linamchunguza yeye, huenda likamshtaki. Nimeisoma sheria yenyewe maktaba, saa za chakula, siku nne mfululizo. Pesa ikishapitishwa, Rais hana ruhusa ya kuikalia bila kuliambia Bunge. Imeandikwa. Chuo sikumaliza lakini kusoma najua.

Najua utanijibu nini. Jibu tu.

Nazar yuko kimya huko vitani tangu Agosti. Huwa ananitumia picha za paka wao wa handakini. Mama mdogo Olha kakwambia lolote kuhusu mwanawe?

Mpwa wako,
Lesia


Brookmere, Ohio, Ijumaa, 11 Oktoba

Lesia,

Asifiwe milele.

Nakuandikia jikoni kwa parokia, kwa hiyo ukiona alama ya siagi usidhani ni machozi. Leo tumemenya viazi kilo tisini. Wanaume tunamenya, wanawake wanavifunga ndani ya unga, wanafinya pyrohi, kama kila Ijumaa, na kama kila Ijumaa wanawake wanasema tumenyofoa nusu ya kiazi.

Umesoma sheria siku nne. Hongera. Mimi nimekuwa mwenyekiti wa chama kata hii miaka thelathini na moja, nimegonga milango kwenye theluji wewe hujazaliwa, na nakwambia hivi: kila rais anatumia msaada kama kamba. Anavuta, analegeza. Wale wa chama kile kingine walipokuwa ikulu, kwetu walipeleka blanketi. Blanketi, Lesia, mtu anapigwa na vifaru. Huyu wetu ndiye wa kwanza kupeleka makombora. Akachelewesha kidogo, mwisho akaachia. Hao wanaolia leo walikuwa wapi siku za blanketi?

Bi Stefania hanielewi. Kaandika sentensi kwa chaki kwenye ubao wa jikoni, "Mheshimiwa Strake, mimi ni mpiga kura wako na nataka unijibu swali," halafu kawaambia wanawake kila mtu amalizie kwa maneno yake. Basi wanafinya, wananawa, wanaandika. Nikamwambia, "Stefania, hapa ni jikoni, sio makao makuu ya upinzani." Akanijibu, "Zenko, menya viazi."

Nazar mzima. Anapumzika.

Wewe kazi yako ni kufungua bahasha. Zifungue vizuri.

Mjomba wako,
Zenko


Washington, Jumapili, 3 Novemba

Mjomba,

Zimefika. Za jikoni. Nilijua kabla sijazifungua, zinanuka vitunguu, mionzi haikuweza. Siku ya kwanza arobaini, ya pili sabini, na juzi nimefikisha mia mbili na kumi na nne. Parokia ya Brookmere, na jirani zao Waslovakia, na mpaka yule fundi bomba Mwitalia.

Bwana Hollis, mkuu wa ofisi yetu, akapita mezani akachukua tatu za juu. Akasema, "Zote zinaanza sawa." Nikamwambia, "Sentensi ya kwanza tu, sababu waliiandika ubaoni. Soma chini." Akasema, "Barua zinazoanza sawa ni za kampeni. Za kampeni hatuhesabu. Tia kwenye boksi."

Mjomba, chini hazifanani hata kidogo. Bi Stefania anauliza, kaka yake aliyekufa vitani kule angekuwa hai, yeye angemwelezaje ucheleweshaji huu. Mwingine anasema alimpigia Rais kura na atampigia tena, ila anataka kujua nani alitoa amri. Mmoja kachora ramani. Yule Mwitalia anaandika mistari miwili: "Nikichelewesha bomba la mteja ili anifanyie hisani, nanyang'anywa leseni. Yeye je?"

Alhamisi Mheshimiwa kaenda kwenye televisheni. Mtangazaji kamuuliza watu wa wilaya yake wanasemaje. Kasema, huku anatabasamu, "Wilaya yangu ina mambo yake. Kuhusu hili nimepata barua tisa."

Tisa. Nimekaa karibu na lile boksi, magoti yangu yanaligusa.

Ijumaa ya tarehe kumi na tano naandika ripoti kama zilivyo. Zote. Atakayetaka kufuta afute kwa mkono wake.

Na Nazar anapumzika wapi? Miezi miwili?

Lesia


Brookmere, 8 Novemba

Lesia,

Hutafanya hivyo.

Kazi hiyo nilikuombea mimi, kwa mdomo wangu, nimesimama kwenye maegesho ya parokia, kofia mkononi. Nilimwambia Strake, "Huyu mtoto nimemlea tangu mama yake afariki, ana kichwa chepesi kama moto wa karatasi, lakini ni mwaminifu." Ukimgeuka umenivua nguo mbele ya watu, na nguo zenyewe nimezivaa miaka thelathini na moja.

Unadhani uhodari ni kupaza sauti. Kuna watu wanasubiri, Lesia. Mtu anaweza kuwa ameshasema lake mahali panapostahili, kwa heshima, na anasubiri ajibiwe. Hujui nani kasema nini. Hujui kila kitu.

Nazar usimtie kwenye siasa. Hilo nalikataza.

Zenko


Washington, Jumamosi, 16 Novemba

Mjomba,

Nimeipata barua yako. Siyo ya tarehe nane. Ile ya Septemba.

Ilikuja Alhamisi kwenye mfuko pamoja na nyingine, kahawia, kona moja imemeguka. Umeandika juu yake kwa herufi kubwa, BINAFSI, KWA MKONO WA MHESHIMIWA TU. Mjomba, hakuna kitu kama hicho. Labda zamani. Siku hizi hata angeandika Papa, anayefungua ni mimi. Nikaona mwandiko wako, nikasema labda ni kadi ya sikukuu, nikafungua. Nainakili hapa ujue kwamba nimesoma kila neno:

"30 Septemba. Wendell, nimekubebea mabango kampeni sita na sijawahi kukuomba kitu kwa ajili yangu. Sikuombi umchukie Rais. Mimi simchukii. Mpwa wangu Nazar alikatwa mguu chini ya goti tarehe 19 Agosti. Kikosi chao walikuwa wanasubiri mtambo wa kuonyesha mizinga ya adui inapigwa kutoka wapi. Ulikuwa kwenye msaada uliokaliwa. Siwezi kusema ungekuwepo angekuwa na mguu. Hakuna anayeweza kusema hivyo, na wewe usiruhusu mtu aseme. Nauliza kimoja. Amri ya kuukalia ilikuwa ya nini? Ikiwa ilikuwa kwa ajili ya nchi yetu, niambie, nitanyamaza na nitamtetea mpaka nife. Ikiwa ilikuwa kwa ajili yake mwenyewe, basi aliwatumia vijana wale kama pesa ya mfukoni mwake, na wewe umo kwenye kamati inayomchunguza, una kura. Lesia hajui habari ya Nazar. Ana hasira za haraka. Nitamwambia mwenyewe. Nijibu kwa mkono wako, Wendell, hata mstari mmoja. Zenon Hnatiuk."

Nimelia chooni dakika kumi. Halafu nikaichukua, nikamsubiri Mheshimiwa kwenye korido, nikampa mkononi kama ulivyotaka. Aliisoma, mjomba. Mpaka mwisho. Niliyaona macho yake yanashuka. Halafu akasema, "Zenko ni mtu wetu. Mpelekeeni ile A."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, anauliza swali."

Akasema, "Bibie, wote wanauliza maswali."

Jana nikaandika ripoti. Wanaotaka majibu juu ya msaada: mia sita na kumi na moja. Waliosema Rais aachwe: mia moja na tisini na nane, na hao nimewahesabu kwa haki ileile. Nikaituma kwa ofisi nzima. Bwana Hollis akaniambia nirekebishe. Nikamwambia nionyeshe kosa. Akasema kosa ni mimi. Saa sita mchana nimerudisha kitambulisho.

Barua sikuchukua hata moja, ni mali ya ofisi. Lakini namba iko kichwani na kichwa ni changu.

Nimekuvua nguo, sawa. Na wewe umenificha mguu wa ndugu yangu miezi mitatu. Sijui nani amkasirikie nani.

Lesia


Brookmere, Ijumaa, 22 Novemba

Mwanangu Lesia,

Jana mtu wa posta kaniletea bahasha ya Bunge. Nilinawa mikono kwanza, nikavaa miwani. Nakunukulia na mimi: "Ndugu Zenon, asante kwa kusimama na Rais wetu wakati huu mgumu. Sauti yako imesikika." Chini, sahihi. Nikatia kidole mate, nikaisugua. Wino wa mashine hautoki.

Nilikuwa nasubiri hiyo, ndiyo maana nilikufokea. Nilikuwa najiambia Strake ni muungwana, anatafuta maneno. Kila siku nilikuwa namtafutia yale maneno, na mengine yalikuwa mazuri, ningeyakubali. Kumbe mimi ni A.

Nazar nilimficha kwa sababu nilijua ungesimama juu ya meza ya mtu huko Bungeni ukiwa na mguu wake mkononi. Nisamehe. Nilikudharau. Umeenda na namba, hukwenda na mguu. Yuko hospitali Lviv, anajifunza mguu wa bandia, anasema kiatu kimoja sasa hakinuki.

Barua ya kujiuzulu uenyekiti nimeipeleka leo, kwa mkono, sikutumia posta. Lakini usifurahi kupita kiasi. Kofia ya wale wa blanketi sitavaa. Chama ni changu. Nimetoka kwenye kiti, sikutoka nyumbani.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba Strake anakuja jikoni, kama kila mwaka, kupigwa picha anafinya pyrohi. Anayemkaribisha siku zote ni mimi. Hakuna aliyekumbuka kuniondoa kwenye ratiba.

Rudi nyumbani.

Zenko


Washington, 1 Desemba

Mjomba,

Bado sirudi. Nimepata kazi ya kukunja shuka hotelini, na asubuhi napanga foleni kuingia kusikiliza kamati. Juzi nilikaa nyuma ya jamaa wa chama chenu na mbele ya mama wa chama kile. Huyu anasema, "Hakuna kosa, pesa zilifika." Yule anasema, "Mwizi akirudisha gari bado aliiba." Huyu anasema, "Mama, na wewe umeibiwa nini?" Nusura wapigane kwa miavuli. Nikawaambia wote wawili nyamazeni nasikiliza.

Nimeongea na Nazar. Kanitukana kwa mapenzi kabisa, kasema mimi na wewe ni wajinga sawasawa. Basi, nimekusamehe.

Namba ni mia sita na kumi na moja. Itumie.

Lesia


Brookmere, Jumamosi, 7 Desemba

Lesia,

Kaa chini usome polepole, maana najua wewe.

Strake kaja jana saa nne na nusu, na Hollis wako, na mpiga picha. Jikoni tulikuwa zaidi ya mia, hapakuwa na pa kuweka ungo. Kavaa aproni, kafinya pyrohi moja, ikafunguka majini, watu wakacheka kama kila mwaka. Nikapanda kwenye kreti ya viazi. Nikasema, "Miaka kumi na moja nimewakaribishia huyu bwana. Leo namkaribishia yeye ninyi. Mheshimiwa alisema kwenye televisheni amepata barua tisa kutoka wilaya nzima. Nataka awajue. Walioandika, wanyooshe mikono."

Lesia, ilikuwa mikono ya unga mpaka mlangoni.

Nikamwambia, "Wendell, tuonyeshe wale tisa."

Strake akamtazama Hollis. Hollis kasema, "Hizo zilikuwa za kampeni, zote zinafanana." Basi Bi Stefania kapangusa mikono, kamwendea mpaka puani. "Mimi nafanana na nani hapa, kijana?" Akasema jina lake, mtaa wake, na alichoandika, kuhusu kaka yake, kwa kichwa, neno kwa neno. Halafu aliyefuata. Halafu yule fundi bomba. Hata Petro Sawczyn, ambaye aliandika kumtetea Rais, kasimama akasema, "Mimi ni wa upande wake, lakini na mimi nihesabuni, sikuandika ili nitiwe boksi." Tukampigia makofi. Ilichukua saa moja na dakika ishirini. Strake alisimama na sahani mkononi muda wote, siagi imeganda. Mpiga picha aliacha kupiga.

Mwisho nikamuuliza lile swali langu la Septemba, mbele ya wote, bila Nazar ndani yake. Amri ilikuwa ya nini?

Kasema, "Zenko, mambo haya ni magumu kuliko unavyoyaona kutoka hapa."

Nikamwambia, "Basi nitayatazama kutoka hapo ulipo."

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe. Lakini watu wamelisikia, na Bi Stefania tayari amefuta ubao kaandika: SAHIHI HAMSINI ZA KUGOMBEA.

Zenko


Brookmere, Jumatano, 18 Desemba

Lesia,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili nimeipata, yenye kurasa tisa za ushauri. Nimesoma mbili. Hapana, sitapaka nywele rangi. Na hapana, hotuba haitakuwa na orodha ya vifungu vya sheria, watu watalala.

Najua uko pale juu kwenye viti vya wageni leo, na najua Strake atapiga kura gani. Atakuwa kasema hapana kwa mashtaka yote mawili dhidi ya Rais wakati unasoma hii. Usirushe kitu.

Nazar kanipigia, nikamweka kwenye spika, nikasikia karibu yote. Kasema, "Mjomba, gombea, lakini mguu wangu usiutie kwenye hotuba hata mara moja. Huo nilishautoa." Nimemwahidi. Watu wataniuliza kwa nini mzee wa miaka sitini na nane anagombana na chama chake mwenyewe, na nitawaambia tu kwamba nilimwandikia mbunge wangu swali, akanijibu asante.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za uchaguzi wa ndani ya chama. Sahihi zilitakiwa hamsini za wanachama. Tulipata mia moja na arobaini na mbili, Petro Sawczyn kaweka ya kwanza, akasema atapiga kura dhidi yangu lakini nina haki ya kuwepo kwenye karatasi. Gari la Stefania likakataa kuwaka. Nilikwenda kwa gari la fundi bomba, nimekaa nyuma na mabomba, fomu nimezishika kifuani ndani ya koti.

Dirishani kulikuwa na karani msichana, umri wako. Kahesabu sahihi mara mbili, moja moja, kwa kidole. Halafu kaniangalia, akaniuliza, kwa huruma kabisa, "Babu, unajua lakini kwamba Mheshimiwa Strake hajawahi kushindwa?"

Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyekuwa namshindia, na aharakishe kugonga muhuri kwa sababu dirisha linafungwa saa kumi.

Akagonga. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Mjomba wako, mgombea,
Zenon Hnatiuk